Mwonjaji wa Vitabu

Mimi Tupokigwe nimewasamehe watu wengi kuliko padri yeyote wa hapa Tukuyu, na hakuna hata mmoja aliyeniomba. Ndiyo kazi yangu. Kabla kitabu cha mkosaji hakijapewa aliyekosewa, mimi hukilalia kwanza, kama mwenye nyumba anavyokunywa funda la kwanza la pombe mbele ya mgeni ili mgeni aone haina sumu. Barazani wananiita mwonjaji. Wale wenye midomo yao wananiita Mama Usingizi, na siwalaumu, maana mtu mzima anayelala mchana halafu anasema yuko kazini, hata mimi ningemcheka.

Shida ya kazi hii ni kwamba inakumaliza hasira. Huwezi kuwa mtu mwingine tangu utoto wake hadi siku ya kosa lake, halafu ukaamka bado unamchukia. Nimejaribu, imenishinda. Nimelalia kitabu cha mtu aliyechoma nyumba ya kaka yake huku kaka yumo ndani. Nimelalia cha yule aliyewauzia wagonjwa maji ya rangi akisema ni dawa. Wote nimeamka nawalilia wao. Kwa hiyo hasira zilizonibakia ni za vitu vidogo vidogo: kuku wa jirani kwenye mboga zangu, mawe kwenye mchele, mtu anayeacha mlango wazi baridi ya Rungwe inaingia ndani. Kwa hayo sauti yangu mtaisikia hadi Kyela. Makubwa yote nilikuwa nimeshayasamehe, na kusema kweli nilishazoea kuishi hivyo.

Kisha kikaja kitabu cha Ambakisye.

*

Ambakisye alikuwa mtunza kamba. Pale Kiwira, korongo linapokatiza mashamba ya chai, kuna kamba ya chuma juu hewani na vikapu vikubwa vinavyopita kutoka mlimani hadi kiwandani. Vikapu vile ni vya majani ya chai, si vya watu. Kila mtoto wa upande ule anaijua sheria hiyo, na kila mtoto ameshaota kuivunja, kwa sababu kwa miguu unashuka korongo na kulipanda mpaka magoti yanalia.

Sekela, mtoto wa Atuganile fundi cherehani, aliivunja siku ya mawingu. Alitoka shule, akamwomba Ambakisye amvushe, na Ambakisye akampakia. Kikapu kilikwama katikati. Baadaye kikaanguka. Mtoto akakutwa chini kwenye mawe ya mto, na Ambakisye akakutwa kwake, amejifunika blanketi na viatu mguuni.

Hayo yote yalijulikana mapema. Jambo moja tu lilikuwa halijulikani. Wanawake waliokuwa wanachuma chai mteremkoni walimwona Sekela kwa mbali, amesimama ndani ya kikapu, ameshika mdomoni redio ya mafundi wa kamba inayokaa kikapuni, anaongea. Aliongea kwa muda, wakasema, na mkono wake mwingine alikuwa anaunyoosha kuelekea kwao nyumbani. Redio ile inasikika mahali pamoja tu, kwenye kibanda cha mtunza kamba. Maneno ya mwisho ya mtoto yalikuwa ndani ya kichwa cha Ambakisye, na mama yake hakutaka kitu kingine chochote duniani isipokuwa maneno hayo.

Sasa, sheria yetu ni nyepesi kuieleza. Aliyekosewa akikubali kusoma kitabu cha mkosaji, yeye ndiye anayetamka hukumu. Akikataa kusoma, mkosaji anasafishwa. Kusafishwa si kuoga. Kumbukumbu zake zote zinang'olewa, anapelekwa mkoa mwingine, anaanza kufundishwa jina lake na jinsi ya kushika kijiko. Mke wake akipita mbele yake atamwamkia kama mgeni. Mkosaji mwenyewe haruhusiwi kusema neno barazani, wala kukutana na aliyekosewa kabla ya hukumu, kwa sababu mdomo unadanganya na kitabu hakidanganyi. Sheria hiyo ilipitishwa zamani, watu wakiwa wamechoshwa na mashahidi wa uongo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuishangilia.

Tangu vitabu vianze, kila aliyesoma amesamehe. Kila mmoja.

*

Niseme kidogo namna kinavyotengenezwa, maana watu wanadhani ni uchawi. Tunafuma mito myembamba ya kulalia kwa nyuzi za mgomba, tunaipandikizia kuvu fulani nyeupe inayopenda joto la kichwa cha binadamu. Mkosaji analalia mto mmoja baada ya mwingine. Kuvu inatambaa ikifuata njia za mawazo yake, inazichora upya ndani ya nyuzi, na kila mto unashika kipande kimoja cha maisha. Tukiishona pamoja tunapata kitabu, na mito yake tunaiita kurasa. Kinanuka udongo uliotoka kunyeshewa. Hakinakiliki, na hakikai: kuvu ikikauka, kitabu kimekufa. Cha Ambakisye kingekauka ifikapo Ijumaa, siku ya baraza.

Kule nyuma ya ukumbi wetu wa baraza bado yako makabati ya vitabu vya zamani, vya karatasi. Bibi yangu alivipenda sana. Alikuwa anasoma habari za muuaji fulani, anamsikitikia, anatikisa kichwa, kisha anakifunga kitabu na kwenda kukoroga uji. Mimi navionea wivu vitabu vile. Vya kwetu havifungiki.

Nilikilalia cha Ambakisye asubuhi ya Jumatano, tumbo tupu kama tunavyotakiwa, mvua ikinong'ona juu ya bati.

Kwanza nilikuwa mdogo, juu ya mabega ya baba, tunavuka mto, na maji yalikuwa yanapanda badala ya kushuka. Kisha migomba ikawa inanisalimia kwa jina ambalo si langu, nami naitikia. Nikaoa. Nikashika mtoto mchanga, Lugano, mzito kuliko mlima, nikaogopa kumwangusha, na woga huo haukutoka tena mikononi mwangu. Nikapewa kazi ya kamba. Nikaipenda kazi ile kwa upendo wa mtu ambaye hajawahi kupewa kitu. Vikapu vilikuwa vinaelea kwenye ukungu bila sauti, vinakwenda na kurudi, na mimi nilikuwa navihesabu kama ng'ombe wangu.

Akaja msichana na soksi zilizolowa. Baba Lugano, nivushe. Nikatazama huku na huku. Nikamwinua, nikamweka juu ya majani ya chai, naye akazama hadi kiunoni akicheka.

Kikapu kikasimama katikati ya korongo. Lipo gurudumu la mkono kwa shida kama hizo, nikaanza kulizungusha taratibu, kamba ikawa inakuja. Redio ikawa inaongea. Ndipo nikaona taa za gari la msimamizi zinapanda barabara. Mikono yangu ikajua kabla yangu. Kazi imekwisha, nyumba imekwisha, Lugano atakula nini. Nikaliacha gurudumu bila kulifunga. Redio ilikuwa bado inaongea, sauti ndogo, safi kabisa, na nikanyoosha mkono nikaizungusha swichi yake hadi ikanyamaza. Nikatembea. Nikakimbia. Nyuma yangu gurudumu likawa linarudi lenyewe, likizidi mbio, na sauti yake ikawa ndefu kuliko dunia.

Nilipoamka, kidole gumba changu kilikuwa bado kinazungusha swichi hewani. Nikamlilia Ambakisye. Nikampenda, jamani, kama mdogo wangu wa tumbo moja. Na maneno ya yule mtoto nilikuwa nayo sasa, neno kwa neno, na kiapo cha mwonjaji kinanikataza kuyatoa.

*

Atuganile alikuja kwangu mchana ule ule. Kwake ni karibu, nami nilikuwa nimepita hapo mara nyingi, nikaona kile ambacho mtaa mzima ulikuwa unakinong'onea: mahindi yaliyoanikwa mkekani siku ya msiba, mbele ya mlango, hayajaguswa. Yalinyeshewa, yakavimba, yakaota. Majirani walitaka kuyaondoa, akawafukuza. Sasa palikuwa na kichaka cha kijani juu ya mkeka, na watu walianza kusema mama yule kichwa kinamruka.

Kichwa chake kilikuwa sawasawa. Aliketi, akakataa chai, akaniambia kwamba hatasoma. Akanikumbusha wifi yake, ambaye mumewe aliuawa kwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Yule wifi alisoma kitabu cha muuaji, na leo kila mavuno anampelekea mkungu wa ndizi. Anampelekea akitabasamu. Ukimtaja marehemu mume wake anasema ndiyo, ndiyo, alikuwa mtu mzuri, kisha anauliza kama muuaji amepona kikohozi.

Atuganile akasema hasira yake ndiyo kitu cha mwisho alichokishona kwa ajili ya Sekela, na hataki mtu amvue. Lakini Ijumaa kitabu kitakufa, Ambakisye atasafishwa, na maneno ya mtoto yatakwenda na maji machafu. Akanitazama machoni.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, Mama Sekela."

Hapo tayari nilikuwa nimevunja kiapo. Nikafunga mdomo, nikaanza kupima. Nikimwambia, hatakuwa na sababu ya kusoma, na mtu ninayempenda kama ndugu atasahau jina la mwanawe. Nisipomwambia, ama atakosa sauti ya mtoto wake maisha yote, ama atalala juu ya kile kitabu na kuamka akiwa na moyo wa aliyemwua. Katika njia hizo zote sikuona hata moja ambayo ningethubutu kuiita haki. Nikajikuta nagombana na kuku nje dirishani, kwa sauti, ili nisijibu.

Yeye akanisubiri nimalize. Kisha akasema jambo lililonichoma, na alilisema kwa upole.

"Hata ukiniambia, nitakuaminije? Wewe umeshampenda."

Kweli tupu. Nilikuwa shahidi aliyenunuliwa, na nilinunuliwa nikiwa usingizini. Mvua ikawa inapita juu ya nyumba, ikaenda, ikarudi. Ndipo swali likanijia, la kijinga kiasi kwamba nilikaribia kulimeza.

"Umewahi kumuuliza mwenyewe?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aruke korongo. Kumuuliza? Kwa mdomo? Miaka yote ile tulikuwa tumezoea kulaliana vichwa hadi tukasahau kwamba mtu ana mdomo na mwenzake ana masikio. Akasema Ambakisye atadanganya. Nikasema anaweza. Akasema atakachosema, hakuna atakayejua kama ni kweli. Hapo nikamwambia kwamba mimi nitajua, ila sitaruhusiwa kusema. Akasimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Twende basi."

*

Chumba wanamongojea wakosaji kiko nyuma ya ukumbi. Mlinzi alikuwa kibarazani anajikinga mvua, nikamwambia tumempelekea mtu wetu chai, na kwa kuwa mimi naingia na kutoka pale kila siku, hakuangalia hata nani yuko nyuma yangu. Nilimkaripia kwa kuacha mlango wazi. Mambo mengine hayabadiliki.

Ambakisye alikuwa amekaa kitandani, amenyolewa, alama za kuvu nyeupe bado shingoni. Alipomwona Atuganile alishuka kitandani akachuchumaa sakafuni, macho chini, kama wanavyofanya kwetu mbele ya mtu anayestahili heshima. Mimi nikasimama ukutani. Nilitaka kumshika bega, nikajizuia.

Atuganile hakumsalimia. Alimwambia amekuja kuuliza swali moja, kwamba yeye hatasoma kitabu, na kwamba hakuna sheria inayomlazimisha kujibu wala kujibu kweli.

"Mwanangu alisema nini kwenye redio?"

Nawaambieni, nilimjua mtu yule kuliko mama yake alivyomjua. Nilijua harufu ya blanketi lake la utotoni. Lakini katika dakika ile sikujua kabisa atasema nini. Hapo ndipo nilipoelewa upungufu wa kazi yangu: kitabu kinajua mtu alivyokuwa, hakijui atakavyokuwa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ndani ya ndoto ya mtu yeyote.

Ambakisye akalowesha midomo.

"Redio ilikuwa inakwaruza," alisema. "Ile mvua, mama. Haikuwa inasikika."

Ulikuwa uongo. Atuganile hakusogea. Hakunitazama, na kwa hilo namheshimu hadi leo, maana uso wangu ungemwambia kila kitu. Alikaa tu hapo, akimpa nafasi, kama mtu anayesubiri uzi uingie kwenye tundu la sindano.

Ambakisye akaweka viganja vyote viwili sakafuni.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa inasikika vizuri. Alisema, Baba Lugano, huku juu napaona kwetu. Mama ameanika mahindi na mvua inakuja. Mpigie umwambie ayaanue. Akacheka. Akasema mahindi yanaonekana kama kitambaa cha njano. Halafu akauliza, umenisikia?" Kisha akamalizia. "Ndipo nikaizima. Niliona gari la msimamizi, nikaizima nikakimbia, na gurudumu sikulifunga. Ningelifunga, kikapu kingekaa."

Neno kwa neno. Hakupunguza hata lile la kitambaa cha njano.

Na hapo, nikiwa nimesimama nje ya kichwa chake na si ndani, nikasikia kitu kinapanda kifuani mwangu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka. Mtoto alikuuliza umenisikia, nawe ukamzima. Ilikuwa hasira, jamani, hasira kubwa ya haki, na nilikuwa bado nampenda. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kwenye mtu mmoja.

Atuganile akauliza kama mtoto aliogopa.

"Wakati ule, hapana," alisema Ambakisye. "Baadaye sijui. Nilikuwa nimezima."

Machozi yalimtoka yule mama bila sauti, yakawa yanaanguka kwenye kanga. Alipoweza kusema, alisema taratibu, akitaka kila neno lifike.

"Sijakusamehe."

"Najua, mama."

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kitabu kilikuwa mezani, kimeshabadilika rangi kingoni. Subilaga, mwenyekiti wa baraza, mwanamke wa haki na asiyependa kucheleweshwa, akamuuliza Atuganile kama anasoma. Akasema hasomi. Subilaga akaanza kusoma maneno ya kusafishwa, na mke wa Ambakisye, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma na Lugano mapajani, akamfunika mtoto masikio.

Atuganile akasimama, akasema anaomba asisafishwe.

Subilaga akamweleza kwamba sheria haina njia hiyo. Asiyesoma hahukumu. Kama amemsamehe, basi alale dakika chache, ni jambo jepesi.

"Sijamsamehe," alisema Atuganile. "Lakini maneno ya mwisho ya mwanangu yuko nayo yeye, na sasa niko nayo mimi. Mkimsafisha ataamka asubuhi amepumzika, na mimi nitabaki nayo peke yangu. Ni mazito. Nataka ayabebe na yeye, akiwa anajua ni ya nani."

Subilaga akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, ni nani aliyemwambia maneno hayo. Sikumngoja anitafute kwa macho. Nilisimama nikaeleza yote, mlango wa nyuma na chai ya uongo na jinsi mtu mwenye nafasi ya kudanganya alivyoanza kudanganya, kisha akaacha. Nikasema katika kazi yangu yote sijawahi kuona jambo kama lile, kwa sababu ndani ya kitabu hakuna mtu anayeweza kuacha kudanganya. Hana njia ya kuanza.

Kiapo ni kiapo. Waliniondoa kwenye uonjaji kabla ya chakula cha mchana, na sikulalamika. Juu ya Ambakisye walibishana hadi mito ya kile kitabu ikakauka na kuanza kukatika yenyewe mezani, na hakuna aliyeitazama. Mwishowe wakaamua abaki na kichwa chake. Atatumikia kifungo cha kujenga upya nguzo za Kiwira kwa miaka watakayoipanga, na kamba hataigusa tena maishani. Alipopita mbele ya Atuganile akitolewa, hawakusemeshana.

Nilimsindikiza Atuganile kwake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na upande wa korongo ngurumo ilikuwa inajikokota. Alipofika mlangoni hakuingia. Alipiga magoti mbele ya ule mkeka, akaanza kung'oa mahindi yale yaliyoota, shina moja baada ya jingine. Mizizi ilikuwa imepenya mkeka ikaingia ardhini, ikawa inatoka na ukili. Nikapiga magoti upande wa pili, nikamsaidia. Matone ya kwanza yalituangukia mgongoni.

Akainua uso, akatazama kule juu ambako kamba inapita, ingawa ukungu ulikuwa umeifunika.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Nayaanua."